MSUMENO WA MEZA: MAGURUDUMU NI YA KUSOGEZEA TU



Hapa Kasese na Bwera baadhi yetu tukitoka zamu tunafanya useremala nyumbani. Nafasi ni ndogo, na msumeno wa meza waweza kufika kilo 200. Asubuhi tunautoa nje, jioni tunaurudisha ndani. Mafuriko ya mto Nyamwamba, mwaka 2013 na tena 2020, yametukumbusha kwamba chombo kisichosogezeka huachiwa maji.

Kuubeba ni kuvunja migongo. Tuchomelee fremu ya chuma, pana kuliko miguu ya mashine na iliyo karibu na sakafu, isipinduke. Upande mmoja tufunge magurudumu mawili yanayogeuka, upande wa pili mawili yasiyogeuka. Kwenye sakafu yenye mabonde uzito wote huweza kulalia magurudumu mawili; basi kila moja liweze kubeba kilo 100, si 50.

Lakini tusikate mbao mashine ikiwa juu ya magurudumu. Ikiteleza tunaposukuma ubao, mkono hufuata kwenye meno. Tuchomelee nati katika pembe nne za fremu, tupitishe bolti ndefu. Zikikazwa, huinua magurudumu na mashine husimama imara. Kabla ya kuisogeza tuzime, tungoje meno yasimame, tuchomoe waya wa umeme.

Kiwandani tunadai kinga kwa mwajiri. Nyumbani hakuna wa kumdai ila sisi wenyewe, na kidole kilichokatikia huko hakilipwi fidia ya kazi.