Kwa Miguu Kando ya Mto Mosel

Afrika Mashariki jina Schengen linajulikana kwa sababu ya viza. Wanaojua kwamba Schengen ni kijiji kidogo cha Luxemburg, kilichopakana na mto na kuzungukwa na mashamba ya mizabibu, ni wachache. Mwaka 1985 wawakilishi wa nchi tano za Ulaya walikutana hapo, ndani ya meli Princesse Marie-Astrid, wakatia saini makubaliano ya kuondoa ukaguzi kwenye mipaka yao. Mto wenyewe ni Mosel. Ng'ambo ya pili ni Perl, mji mdogo wa Ujerumani, na hapo ndipo inapoanzia Moselsteig, njia ya miguu yenye urefu wa kilomita 365. Inaishia Koblenz, Mosel unapoingia katika mto Rhine. Ilifunguliwa mwaka 2014, nayo imegawanywa vipande 24 ili kila kimoja kitembewe kwa siku moja.

Ni wachache wanaoimaliza yote kwa mkupuo. Wengi huchagua vipande viwili vitatu, na wanaotaka kuona kiini cha bonde hili huanzia chini ya mji wa Trier, mto unapoanza kupinda. Kutoka Trier hadi Koblenz kwa mstari ulionyooka hakufiki kilomita 100, lakini maji yanasafiri karibu mara mbili ya umbali huo. Mto umekata uwanda wa mwamba wa sleti, lile jiwe la kijivu linalopasuka kwa mabamba, na kila unapojikunja huacha ukuta wa mlima upande mmoja. Kuta zinazotazama kusini ndizo zilizopandwa mizabibu, wakati mwingine kuanzia barabarani hadi kileleni.

Kuna sababu ya kuhangaika na miteremko hiyo ilhali bondeni kuna ardhi ya tambarare. Bonde hili liko kwenye latitudo ya 50 kaskazini, mahali ambapo jua ni la kutafutwa. Mteremko unaolielekea jua hupokea mwanga mwingi kuliko tambarare. Sleti hufyonza joto mchana na kulitoa usiku, na maji ya mto hupunguza makali ya baridi. Zabibu aina ya Riesling, inayochelewa kuiva, inahitaji vyote vitatu. Mwaka 1787 Clemens Wenzeslaus, askofu mkuu aliyekuwa pia mtawala wa Trier, aliamuru mizabibu duni ing'olewe ipandwe iliyo bora, na tangu hapo Riesling ikazidi kushika mashamba ya Mosel.

Hapo ndipo mgeni anapoelewa njia anazokanyaga. Hazikuchongwa kwa ajili ya watalii. Ni vijia vya kazi, vilivyopita kati ya matuta na kuta za mawe zilizojengwa bila saruji, vikimfikisha mkulima kwenye shina lake. Takriban asilimia 40 ya mashamba ya Mosel yako kwenye miteremko mikali, na trekta haliwezi kukanyaga sehemu nyingi kati ya hizo. Katika mashamba ya namna ya zamani kila mzabibu umesimama na mti wake peke yake, na matawi mawili yamepindwa na kufungwa hadi yakafanya umbo la moyo. Kazi ya kupinda na kufunga hufanywa kwa mkono, shina moja baada ya jingine, mguu mmoja ukiwa juu na mwingine chini. Msaada mkubwa uliokuja karne iliyopita ni kijireli kimoja chembamba kinachopanda mlima moja kwa moja. Mkulima hukaa kwenye kiti kidogo chenye injini, kreti za zabibu zikifuata nyuma.

Wehlen, jirani na mji wa Bernkastel-Kues, kuna kitu kinachoonyesha maisha hayo kuliko jumba lolote la makumbusho. Katikati ya mizabibu, juu ya mwamba, kuna saa kubwa ya jua iliyojengwa mwaka 1842 na Jodocus Prüm, ili watu waliokuwa shambani wajue saa ya kula na saa ya kurudi nyumbani. Saa hiyo ipo hadi leo, na shamba linaloizunguka limechukua jina lake.

Anayetaka kupimwa ubavu aende Calmont, kati ya vijiji vya Bremm na Ediger-Eller. Huu ni mlima wa mizabibu unaotajwa kuwa mkali kuliko mashamba yote ya zabibu Ulaya. Mahali pengine mteremko unafikia nyuzi 65. Kijia cha hapo kinapita katikati ya mashamba, na penye majabali kimefungwa ngazi za chuma, vikanyagio na nyaya za kushikilia. Urefu wake ni kilomita chache tu, lakini mwenye busara hujipa saa tatu. Viatu viwe vya kushika mwamba, maji yawe ya kutosha, maana adhuhuri ya kiangazi sleti inachoma kama kikaango. Mwenye kizunguzungu cha urefu apite njia ya juu, mgongoni mwa mlima, na hatakuwa amepata hasara: kutoka kileleni, mita 378 juu ya usawa wa bahari, anaona mto ukijizungusha karibu duara zima, na ng'ambo yake magofu ya kanisa la watawa wa Stuben yamesimama peke yake kwenye uwanja wa majani.

Uzuri huo una gharama, na wanaoilipa wanapungua. Miaka ya 1980 Mosel na vijito vyake vilikuwa na zaidi ya hekta 12,000 za mizabibu. Leo hazifiki 9,000. Mteremko mkali unakula saa nyingi za kazi kuliko tambarare, bei ya chupa hailipi tofauti hiyo kila mara, na vijana wengi wamechagua kazi nyingine. Shamba likiachwa, miiba na vichaka hulifunika ndani ya miaka michache, kuta hubomoka na kijia hupotea. Pamoja navyo hupotea makao ya viumbe. Karibu na Winningen, kusini kidogo mwa Koblenz, anaishi kipepeo wa Apollo wa jamii isiyopatikana nje ya bonde hili. Ana mabawa meupe yenye madoa mekundu, na anahitaji mawe makavu yenye jua, yale yale yanayowekwa wazi na kazi ya wakulima. Huko Calmont baadhi ya matuta yaliyokuwa yameachwa yamefyekwa na kupandwa upya. Hiyo ni habari ya kufurahisha kweli.

Shida ya mkulima wa Mosel si ya jana. Karl Marx, ambaye jina lake lilisikika sana Afrika Mashariki enzi za mijadala ya ujamaa, alizaliwa Trier mwaka 1818. Mapema mwaka 1843, akiwa mhariri kijana wa gazeti la Rheinische Zeitung, aliandika kuitetea hali ya wakulima wa zabibu wa bonde hili, waliokuwa wamefukarika baada ya soko lao kuvamiwa na mvinyo wa maeneo mengine. Gazeti hilo lilifungwa na serikali mwaka huo huo. Mwaka 1859 Marx alitaja suala la wakulima wa Mosel kuwa miongoni mwa mambo yaliyomsukuma aanze kuchunguza uchumi. Nyumba aliyozaliwa iko wazi kwa wageni, mwendo mfupi kutoka Porta Nigra, lango la mawe lililojengwa na Warumi karne ya 2. Warumi hao hao waliacha alama zao vijijini: Piesport lilifukuliwa jengo la kukamulia zabibu la karne ya 4, na Neumagen liliibuka jiwe la kaburi lililochongwa kama meli iliyojaa mapipa.

Kasri ni nyingi mno bondeni humu, na nyingine ni za kupigia picha kwa mbali tu. Ile ya Cochem inavutia macho, ila Wafaransa waliilipua mwaka 1689, na inayoonekana leo ilijengwa upya karne ya 19 na tajiri mmoja wa Berlin. Eltz ni jambo jingine. Haikuwahi kubomolewa vitani, na ukoo wa Eltz unaimiliki hadi leo, baada ya zaidi ya miaka 800. Namna nzuri ya kuifikia ni kwa miguu kutoka kituo cha treni cha Moselkern, kwa kufuata kijito cha Elzbach msituni, mwendo wa saa moja na nusu hivi. Kwa muda mrefu hakuna kinachoonekana isipokuwa miti na maji, kisha minara inajitokeza ghafla juu ya mwamba. Wajerumani waliikubali sana picha hiyo hata ikawekwa kwenye noti yao ya mark 500.

Treni ndiyo inayoirahisisha safari ya Mosel. Reli ya Koblenz hadi Trier inagusa vijiji vingi vya njia hii, hivyo mtu anatembea kwenda na kurudi amekaa. Kati ya Cochem na Eller inapita ndani ya handaki la zaidi ya kilomita 4, lililofunguliwa mwaka 1879, na kukwepa kona ya mto yenye zaidi ya kilomita 20. Anayetembea kona hiyo kuanzia asubuhi hadi jioni hurudishwa alikoanzia kwa dakika chache.

Chakula hakimsumbui msafiri. Sheria inamruhusu mkulima kufungua nyumba yake kwa wageni hadi miezi minne kwa mwaka, viti visizidi 40, akauza mvinyo wake na vyakula vyepesi kama mkate, jibini na soseji. Tawi au kitita cha majani mlangoni ni ishara kwamba pamefunguliwa. Asiyetumia kileo naye ana fungu lake, kwani juisi ya zabibu ipo, na pande za Cochem hutengenezwa jemu ya pichi nyekundu zinazoota pembezoni mwa mashamba.

Miezi mizuri ni kuanzia Aprili hadi Oktoba. Septemba na Oktoba rangi za majani hupendeza zaidi, lakini ndiyo majira ya mavuno, na baadhi ya vijia vya mashambani hufungwa ili wavunaji wapite na kreti zao. Siku hizo mtembeaji hupandisha juu, afuate njia ya msituni hadi kijiji kinachofuata.