Kujitwika, Kupagaa, Kutua

Mwanafunzi wa Tabora akiulizwa maana ya kitenzi cha Kiingereza “carry”, hujibu upesi: kubeba. Jibu hilo humpatia alama, ila huacha nje historia nzima ya mji wake.

Asili ya “carry” ni Kilatini, kwenye neno “carrus”, yaani gari la magurudumu. Kitenzi cha gari hakiulizi mzigo umekaa wapi mwilini. Ila kwenye njia ya misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji, iliyopita Tabora, mbung'o waliwaua punda na ng'ombe, na mizigo ilipita juu ya miili ya watu. Kwenye njia hiyo lazima useme sawasawa. Kichwani ni kujitwika. Mgongoni mtoto huelekwa, ndipo tukapata mbeleko. Mapajani hupakatwa. Begani ni kupagaa, kazi ya mpagazi wa Kinyamwezi aliyetembea miezi na pembe ya ndovu au mtumba wa kitambaa, kilo 30 hivi. Hata aliyepandwa na pepo tunasema amepagawa. Na nguo za mitumba sokoni leo zimerithi jina la mzigo ule ule.

Mtumba mmoja una kisa chake. Mmisionari na mpelelezi Mskoti David Livingstone alifariki mwaka 1873, na watu wake, wakiongozwa na Chuma na Susi, wakaamua kuupeleka mwili wake pwani. Walipokwisha kupita Tabora, wenyeji wa Kasekera walikataa maiti kukatiza kwao. Wakafunga furushi la bandia, wenzao wakalirudisha Unyanyembe, yaani upande wa Tabora, kana kwamba wanakwenda kuzika. Mwili wenyewe wakaufunga upya kama mtumba wa kitambaa, ukapita bila kuulizwa. Februari 1874 ulikuwa Bagamoyo.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na wapagazi wakakosa kazi. Vitenzi vyao havikukosa. Kisimani mama bado huinama, hushika ndoo kwa mikono miwili, humwambia jirani: “Nitwishe, dada.” Akifika nyumbani husema: “Nitue.” Maneno mawili, na kila mmoja anajua mikono iende wapi.

Serikali ilipotafuta kaulimbiu ya miradi ya maji, ilichagua “kumtua mama ndoo kichwani”. Anayetaka kuipeleka kwa Kiingereza ajaribu, “carry” haitamsaidia. Tabora yenyewe sasa inapata maji ya Ziwa Victoria kwa bomba.