Asilimia mbili za halmashauri: Mkopo haumalizi wajibu kwa wenye ulemavu

MTU mzima mwenye ulemavu anayefika katika ofisi ya halmashauri yake kuulizia msaada, mara nyingi hupewa jibu moja: aunde kikundi, afungue akaunti benki, aandike andiko la mradi, kisha aombe mkopo.

Jibu hilo si la uongo, lakini ni nusu tu ya jibu. Sheria za Tanzania Bara zinaipa halmashauri wajibu mpana zaidi, na wengi wanaostahili kunufaika nao hawajui kwamba upo.

Tuanze na mkopo wenyewe, kwa kuwa ndio unaozungumzwa zaidi. Kwa miaka mingi halmashauri zilitakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani, nusu kwa ajili ya wanawake na nusu kwa ajili ya vijana. Ulikuwa utaratibu usio na nguvu ya sheria. Halmashauri iliyotaka ilitenga, isiyotaka ilitoa visingizio. Watu wenye ulemavu hawakuwa na fungu lao.

Hali hiyo ilibadilika mwaka 2018, Bunge lilipofanyia marekebisho Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura ya 290, na kuongeza kifungu cha 37A. Tangu hapo kutenga asilimia 10 ni lazima: asilimia nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Mkopo hautozwi riba.

Kwa mtazamo wa haraka, fungu hilo si dogo. Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kuwa asilimia 11.2 ya watu wenye umri wa miaka saba na kuendelea wana ulemavu wa aina moja au nyingine, na hapa wametengewa sehemu ya tano ya fedha yote ya mikopo. Tatizo halimo kwenye hesabu ya mgawo, bali kwenye chungu kinachogawanywa.

Asilimia mbili ni za mapato ya ndani, yaani ushuru, ada, leseni na tozo zinazokusanywa na halmashauri yenyewe. Tuchukue mfano wa kufikirika. Jiji linalokusanya Sh bilioni 60 kwa mwaka litatenga Sh bilioni 1.2 kwa watu wenye ulemavu. Halmashauri ya wilaya inayokusanya Sh bilioni mbili, inayotegemea ushuru wa mazao na minada ya mifugo, itatenga Sh milioni 40. Mwaka ambao mvua imegoma, hata hizo hazifiki. Haki iliyoandikwa kwa kiwango kimoja nchi nzima hugeuka kuwa kubwa au ndogo kwa kutegemea mahali mtu anapoishi.

Aidha, fungu hilo limewahi kukatika kabisa. Aprili 2023 Serikali ilisimamisha mikopo hiyo, baada ya taarifa za Mdhibiti na Mkuu wa Hesabu za Serikali kuonyesha fedha zisizorejeshwa na vikundi vilivyokuwapo kwenye karatasi tu. Mwaka uliofuata utaratibu mpya ulitangazwa, ukiwa na kanuni mpya na majaribio ya kupitisha fedha benki katika halmashauri 10, zikiwamo za majiji ya Dar es Salaam na Dodoma. Kusafisha kulihitajika. Lakini kikundi cha wasioona kilichokuwa kikisubiri zamu yake kilisubiri sawasawa na kile hewa.

Hata fedha inapokuwapo, mlango wake haumfai kila mtu. Maombi siku hizi hupitia mfumo wa kielektroniki, na asiyeona humtegemea mtu mwingine kumjazia taarifa zake za siri. Kiziwi anayeitwa kwenye mafunzo ya awali hukuta mkufunzi lakini hakuti mkalimani wa lugha ya alama. Anayetumia kiti cha magurudumu hukuta ofisi ya kata ina ngazi tatu mlangoni, na aliyejenga ngazi hizo ni halmashauri hiyohiyo.

Wapo pia ambao mlango huo haukujengwa kwa ajili yao tangu mwanzo. Mkopo ni mkataba, na Sheria ya Mikataba inataka anayeingia mkataba awe na akili timamu. Kijana wa miaka 25 mwenye ulemavu mkubwa wa akili, anayelishwa na kuogeshwa na mama yake, hawezi kuahidi kurejesha fedha kila mwezi. Anachohitaji ni mtu wa kusaidiana na mama huyo, mahali pa kushinda mchana, au walau kiti kinachomfaa. Vivyo hivyo, mtu mwenye ualbino anahitaji mafuta ya kukinga ngozi dhidi ya jua kabla ya kuhitaji mtaji wa genge, na kumkopesha fedha ya kununulia kinga ya saratani itakuwa biashara ya ajabu.

Hapa ndipo sheria ya pili inapohusika. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9 ya mwaka 2010, inazitaka mamlaka za serikali za mitaa kulinda haki na ustawi wa watu wenye ulemavu walio katika maeneo yao. Inaanzisha kamati za watu wenye ulemavu kuanzia ngazi ya kijiji au mtaa, kata, hadi halmashauri. Inataka majengo ya umma yafikike. Na inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe asilimia tatu yao ni watu wenye ulemavu.

Sharti hilo la ajira hutajwa zaidi linapoihusu sekta binafsi. Lakini halmashauri nayo ni mwajiri, tena katika wilaya nyingi ndiye mwajiri mkubwa kuliko wote: walimu, wauguzi, watendaji, madereva, walinzi. Yenye watumishi 2,000 ingepaswa kuwa na wenye ulemavu 60. Ni swali ambalo diwani yeyote anaweza kuliuliza kwenye kikao cha baraza, na ofisa utumishi hana sababu ya kukosa jibu.

Mtu wa kumwona kwa masuala yasiyo ya mkopo ni ofisa ustawi wa jamii. Huyu ni tofauti na ofisa maendeleo ya jamii, anayeshughulikia vikundi na mikopo, ingawa wananchi wengi huwachanganya. Ofisa ustawi ndiye anayepaswa kufahamu familia zenye hali ngumu, kuandika rufaa kwenda hospitali au chuo, na kuunganisha familia na wafadhili wa vifaa saidizi. Udhaifu ni kwamba kazi yake haina fungu lenye asilimia iliyoandikwa kwenye sheria. Bajeti ikibanwa, mafuta ya pikipiki yake huwa ya kwanza kukatwa. Mkopo una kifungu cha 37A cha kuulinda. Fimbo nyeupe na kiti cha magurudumu havina.

Si lazima iwe hivyo. Nchini Kenya, serikali kuu imekuwa ikilipa Sh2,000 za nchi hiyo kwa mwezi kwa kaya zinazomtunza mtu mwenye ulemavu mkubwa. Malipo hayo hucheleweshwa na kiasi ni kidogo kwa bei za Nairobi, lakini msingi wake ni sahihi: ni ruzuku, hairejeshwi, na haimtaki mtu afanye biashara ili astahili kuishi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unaitaja katika Ibara ya 19 haki ya kupata msaidizi binafsi ili mtu aweze kuishi katika jamii. Bajeti za halmashauri bado hazijajifunza neno hilo.

Kwa sasa, hatua ya kwanza ni kuhakikisha jina la mhusika limo katika orodha ya watu wenye ulemavu kwenye ofisi ya mtaa au kijiji, kwani asiyeorodheshwa hahesabiwi wakati wa kupanga. Ya pili ni kuuliza kama kamati ya watu wenye ulemavu ya kata ipo, nani wamo na ilikutana lini. Mara nyingi swali hilo pekee hutosha kuifanya iitwe kikaoni. Anayetaka mkopo aende kwa ofisa maendeleo ya jamii wa kata, na aulize mapema masharti maalumu kwa wenye ulemavu, kwa kuwa kanuni zimewalegezea idadi ya wanakikundi kuliko makundi mengine mawili.

Ya mwisho ni kuomba tarakimu mbili: halmashauri ilikusanya kiasi gani mwaka uliopita, na ilikopesha watu wenye ulemavu kiasi gani. Mapato na matumizi ni taarifa za umma. Ya kwanza ikigawanywa kwa 50, jibu lake ndilo lililotakiwa kuwa tarakimu ya pili.