Kijana aliyepandikizwa moyo hahami kliniki kwa siku moja

MNAMO Novemba 1985, Dkt Leonard Bailey wa hospitali ya Loma Linda, California, alimpandikiza mtoto wa siku 4 moyo wa mtoto mwingine aliyefariki. Mtoto huyo alikua hadi akawa mtu mzima. Siku hizi zaidi ya nusu ya wanaopandikizwa moyo wakiwa wachanga huishi zaidi ya miaka 20. Ufanisi huo umezua swali jipya: nani atawatunza wanapovuka utoto?

Nchini Marekani, wengi huondoka kliniki ya watoto wakikaribia umri wa miaka 18 au muda mfupi baadaye. Kijana humwacha daktari anayemjua tangu utotoni na kuingia mahali ambapo hutarajiwa kujieleza mwenyewe. Kliniki ya watoto huzungumza na mzazi. Ya watu wazima huzungumza na mgonjwa. Ikiwa kwa miaka yote hiyo ni mama aliyekumbuka saa ya dawa, siku ya kupimwa damu na jina la kila tembe, kijana huyo huhama akiwa mikono mitupu.

Hatari yenyewe ni hii. Mwili hauachi kuutambua moyo ule kuwa mgeni, ndiposa dawa za kudhibiti kinga, kama vile takrolimasi, hunywewa maisha yote, kwa kawaida kila baada ya saa 12. Anayeruka dozi leo huenda asihisi lolote kesho. Isitoshe, neva za moyo hukatwa wakati wa upasuaji, na hivyo mishipa ya damu inaweza kuziba bila yale maumivu ya kifua yanayowaonya watu wengine.

Aidha, baadhi ya dawa hutetemesha mikono, nyingine huvimbisha uso na kuleta chunusi. Kwa msichana au mvulana wa miaka 16 hilo si jambo dogo, na mzee anayemwita mkaidi amesahau ujana wake. Wapo wanaoacha dawa kisirisiri.

Ndiyo maana mafunzo yanapaswa kuanza mapema. Mwongozo uliotolewa na taasisi ya NICE ya Uingereza mwaka wa 2016, kuhusu vijana wote wanaohamia huduma za watu wazima, unataka mipango ianze kabla ya umri wa miaka 14 kupita, awepo mhudumu mmoja wa kumwongoza kijana, na akutane na mhudumu wa kliniki mpya kabla ya kuhama.

Kijana pia huhitaji muda wa kuzungumza na daktari mzazi akiwa nje. Hapo ndipo ataelezwa kwamba balungi huongeza kiwango cha takrolimasi katika damu, na msichana kwamba dawa ya maikofenoleti inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Ni nadra maswali ya mapenzi kuulizwa mbele ya mama.

Kuna na suala la fedha. Sheria ya Marekani ya mwaka wa 2010 humruhusu kijana kubaki katika bima ya mzazi hadi atimize miaka 26. Baada ya hapo, asiye na kazi yenye bima hulazimika kutafuta njia nyingine ya kulipia dawa ambazo hawezi kuzikosa hata wiki moja.