Masikio ya Paka Mweupe Chini ya Jua la Nakuru

Paka mweupe pe anayelinda magunia ya mahindi dhidi ya panya mjini Nakuru, mji ulio kusini kidogo ya ikweta na ulioinuka takribani mita 1,850 kutoka usawa wa bahari, amerithi katika jeni zake mabaki ya virusi vya kale, na mabaki hayo ndiyo yanayoyanyima masikio yake kinga ya jua.

Mwaka 2014, mtafiti Victor David na wenzake walionyesha kwamba weupe huo hutokana na virusi vilivyojipachika ndani ya jeni iitwayo KIT, ambayo huziongoza seli zinazotengeneza melanini, yaani rangi ya ngozi na manyoya, zinaposafiri kutoka mgongoni mwa kiinitete kwenda kuenea mwilini. Virusi hivyo vikiwamo vizima, paka huzaliwa na mabaka meupe. Kikisalia kipande kifupi tu, seli hizo hazifiki ngozini, na pengine paka huwa kiziwi, kwa kuwa sikio la ndani nalo huzihitaji. Hali hii si ualbino, maana mnyama mwenye ualbino anazo seli za rangi ila hazitengenezi melanini ya kutosha, ilhali huyu amezikosa seli zenyewe. La kustaajabisha zaidi, KIT ilitambuliwa mwaka 1986 ndani ya virusi vya saratani ya paka, vilivyokuwa vimeinyakua kutoka kwa mnyama huyo huyo.

Daktari wa mifugo huyaona matokeo ya kukosa melanini ukingoni mwa sikio, penye manyoya haba: kwanza wekundu, kisha gaga lisilopona, ambalo mwenye paka hulidhania kuwa jeraha la ugomvi wa usiku hadi sikio linapoanza kulika, kumbe ni saratani ya ngozi. Ushauri wake huonekana mkali, ingawa ni wa huruma: sikio likatwe mapema, kwani paka huishi vizuri bila ncha za masikio; afungiwe ndani saa za jua kali; wala asipakwe mafuta ya kukinga jua ya binadamu yenye zinki, kwa maana atayalamba yamdhuru.

Lakini ni nani atakayemfungia ndani paka wa sokoni? Utafiti wa mwaka 1971 huko California ulikuta hatari ya saratani hii ya ngozi kwa paka weupe ikiwa mara 13.4 ya wenzao. Je, katika Bonde la Ufa, ambako mionzi ya urujuanimno ya jua huongezeka kwa takribani asilimia 10 kila mita 1,000 za mwinuko, na ambako jua la utosini halina msimu wa kupumzika, hatari hiyo ni mara ngapi?