Kisukari Chapanda, Maradhi Mengine Yakishuka

Maradhi ya moyo, saratani, maradhi sugu ya mapafu na kisukari hupimwa kwa kipimo kimoja: uwezekano wa mtu kufa kwa mojawapo akiwa kati ya miaka 30 na 70. Kuanzia 2000 hadi 2019, uwezekano huo ulipungua duniani kwa asilimia 22. Kisukari kilikwenda kinyume. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani zinazozingatia tofauti za umri, viwango vya vifo vyake vilipanda kwa asilimia 3. Katika nchi za kipato cha kati cha chini, kundi ambalo Tanzania iliingia mwaka 2020, vilipanda kwa asilimia 13.

Tanzania yenyewe imebadilika sana. Katika miaka ya 1980, Profesa Donald McLarty na wenzake waliwapima watu wazima zaidi ya 6,000 katika vijiji sita, wakakuta wenye kisukari hawafiki mmoja katika kila mia. Utafiti wa kitaifa wa 2012 ulikuta asilimia 9.1 miongoni mwa wenye miaka 25 hadi 64. Maeneo na vipimo havilingani, lakini mwelekeo uko wazi.

Miaka hiyohiyo ya 1980, wagonjwa wapya 1,250 wa kisukari walifuatiliwa jijini Dar es Salaam. Miongoni mwa waliohitaji insulini, ketoni na maambukizi viliua wengi, ingawa dawa hiyo ilikuwa ikitumika duniani tangu 1922. Mwili ukikosa insulini hushindwa kutumia sukari, huchoma mafuta, na asidi za ketoni hujaa katika damu. Mtoto mwenye hali hiyo hutapika, hupumua kwa kasi na kulegea. Ni rahisi kudhani ana malaria, akapewa dawa ya malaria huku saa zikiyoyoma. Tone moja la damu kwenye kijiti cha kupimia sukari lingesema ukweli.

Kwa watu wazima hatari huja kimyakimya.

Kisukari cha aina ya pili huweza kuharibu figo, macho na mishipa kwa miaka kabla ya kugunduliwa. Mgonjwa akifa kwa kiharusi, cheti huweza kutaja kiharusi peke yake, na kisukari kikakosekana katika takwimu za taifa. Makadirio ya 2021 ya Shirikisho la Kimataifa la Kisukari yanaonyesha kuwa zaidi ya nusu ya watu wazima wenye kisukari katika kanda ya Afrika hawajui kuwa wanacho.

Ndiyo maana vijiti vya kupimia sukari havipaswi kukosekana katika zahanati hata mwezi mmoja. Wapimwe watoto wanaotapika na kuhema, na kila mtu mzima anayefika na shinikizo la juu la damu.