Kuwafundisha Vijana Habari za Yusufu

Kwetu Dunda, Bagamoyo, habari za Yusufu si habari za mbali. Mapadre wa Roho Mtakatifu walipoanza misioni hapa mwaka 1868, walikaa na watoto waliokombolewa utumwani. Basi kijana asikiapo kwamba Yusufu, mwenye miaka 17, aliuzwa na ndugu zake kwa vipande 20 vya fedha, huinua kichwa na kuuliza, "Mwalimu, mbona aliwasamehe?"

Hapo wengi wetu hukimbilia mwisho wa hadithi. Tusifanye hivyo. Fungueni kwanza Mwanzo 42. Yusufu anena nao kwa mkalimani, wasijue ya kuwa awaelewa. Awasikia wakiungama kosa lao, ajitenga, alia. Kisha amfunga Simeoni mbele yao. Hakujitambulisha siku ile. Alijitambulisha baada ya Yuda kujitoa awe mtumwa badala ya Benyamini: Yuda yule yule aliyetoa shauri la kumwuza!

Someni sura hizo polepole, hata kwa majuma matatu. Na kijana akinyamaza, msimhimize kujibu. Pengine nyumbani kwao kuna neno.